Jinsi ya Kupima Koili ya Gari Nyumbani Kabla ya Kununua Mpya

Ndugu watazamaji, karibuni. Tuko Moshi, na gari lililo mbele yetu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo kila silinda ina koili yake, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Likipanda Marangu linamisi, yaani silinda inakosa kuchoma mafuta vizuri, na taa ya injini inawaka. Wengi hukimbilia kununua koili zote nne, gharama ambayo mara nyingi haihitajiki, kwa sababu mbovu huwa ni moja tu.

Zima injini, toa ufunguo, uiache ipoe. Koili hugeuza volti 12 za betri kuwa zaidi ya volti 20,000, kwa hiyo kamwe usichomoe koili wakati injini inawaka, wala usiishike mkononi ili uone cheche, hata kama umewahi kumwona fundi akifanya hivyo.

Bonyeza klipu ya soketi bila kuvuta nyaya, fungua bolti kwa spana namba 10, kisha ivute koili juu taratibu huku ukiizungusha kidogo. Sogeeni mtazame mpira huu mweusi: mstari huu wa kijivu, mwembamba kama unywele, ni njia ambayo umeme ulivujia kwenye bodi ya injini badala ya kufika kwenye plagi. Ukikuta oili kwenye shimo la koili, badilisha gasketi za kifuniko cha juu ya injini, la sivyo hata koili mpya itaharibika.

Kuhusu multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, inafaa zaidi kwa koili za zamani zenye pini mbili. Hii yenye pini nne ina saketi ya elektroniki ndani, hivyo kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme, hakiaminiki. Isitoshe, koili nyingi hupima vizuri zikiwa baridi na kushindwa zikipata joto, ndiyo maana gari linasumbua mlimani.

Kipimo ninachokiamini ni kubadilisha koili nafasi. Mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, imetupa P0302, yaani silinda ya pili inamisi. Hamishia koili yake silinda ya tatu, ya tatu uilete ya pili, kaza bolti, rudisha soketi mpaka zilie “klik”, futa kodi, kisha endesha kupanda kuelekea Kibosho hadi injini ipate joto. Kodi ikigeuka P0303, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili haina kosa: kagua plagi, halafu nozeli ya mafuta, na mwisho kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda hiyo.