Nimeingia makumbusho ya vita London, nikawatafuta watu wa Kariakoo

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo vipi. Upepo ukiingia kwenye maiki mnisamehe, niko nje. Hii ni London ya kusini, barabara inaitwa Lambeth Road. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona hiyo? Mizinga miwili ya meli za kivita. Mdomo wake inchi 15, unaingiza kichwa na kofia yako juu. Kila mmoja una uzito wa tani kama 100. Mmoja ulikuwa kwenye meli ya Ramillies, mwingine kwenye Resolution, na mwaka 1968 ikasimikwa hapa bustanini.

Sasa nikiri kosa. Miaka yote nimekuwa nikipita hapa na basi, nikiiona hii mizinga nasonya: haya, Waingereza wanajisifia ubabe wao. Sijawahi kuingia, na kiingilio ni bure! Leo mvua ndiyo imenisukuma ndani. Nilisema nikae dakika kumi inyeshe ipite. Nimetoka baada ya masaa manne.

Jengo lenyewe lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Bethlem. Makumbusho ya vita ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi sisemi kitu, mwenye kuelewa na aelewe. Walihamia hapa mwaka 1936. Ukiingia ukumbini unakuta ndege ya Spitfire imening'inizwa juu, na roketi ya V-2 ya Wajerumani imesimama wima kama mnara. Watoto wa shule wamejaa kuizunguka, walimu wanapiga kelele. Mimi hapo sikukaa sana.

Kilichonikamata ni habari ya makumbusho haya yalivyoanza. Nilidhani Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha, washindi wakakaa, wakasema tujenge mahali pa kuweka nishani zetu. Wapi! Aliyetoa wazo ni Alfred Mond, mbunge na waziri wa majengo ya serikali, Februari 1917. Machi baraza la vita likakubali. 1917, jamani! Vita bado vinachinja watu. Mwaka mmoja kabla, Julai 1, 1916, kule Somme nchini Ufaransa, Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa siku moja. Hakuna aliyejua nani atashinda, na hawa wanaunda kamati ya kukusanya vitu.

Na walikusanya nini? Bunduki na sare, sawa. Lakini waliziomba pia familia zilizofiwa zitume picha za wanao. Maelfu ya picha zikaja. Kijana amesimama studio, nywele zimepigwa maji, mkono kwenye kiti. Wakaunda kamati nyingine ya kazi za wanawake peke yake: waliotengeneza mabomu viwandani, manesi, madereva. Nani kwetu angekumbuka kuhifadhi aproni ya mama wa kiwandani wakati risasi bado zinalia?

Mfalme George wa Tano alifungua maonyesho ya kwanza Juni 9, 1920, na siku hiyo Mond alisema wazi kwamba makumbusho haya si mahali pa kutukuza ushindi wa kijeshi, ni kumbukumbu ya jasho na kujitoa. Basi mimi na msonyo wangu wa kwenye basi nikajikalia kimya.

Ila subirini, sijawasamehe bado.

Mwanzoni ilikuwa yaitwe Makumbusho ya Taifa ya Vita. India na makoloni makubwa wakasema, na sisi je, watu wetu hawafi? Jina likabadilishwa, yakawa makumbusho ya himaya nzima. Imperial War Museum mpaka leo. Himaya nzima, ndugu zangu, sisi tumo. Oktoba 1917, wakati kamati zao zinakusanya picha hapa, kule Mahiwa, upande wa Lindi, Waingereza na Wajerumani walikuwa wanauana siku nne mfululizo juu ya ardhi yetu. Na wengi katika majeshi yote mawili walikuwa Waafrika.

Halafu kuna wapagazi. Kwetu farasi na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mzigo wote wa vita ulipanda kichwani kwa mtu. Chakula, risasi, hata vipande vya mizinga. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Litamke hilo jina haraka haraka, kwa ulimi wa Pwani. Carrier Corps, Karia Ko, Kariakoo. Ndiyo, pale Dar unapobishana bei ya viatu. Kambi yao ilikuwa pale. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Ukishuka mpaka Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Jina hata moja halipo.

Mwaka uleule wa 1917, mwezi wa tano, Waingereza waliunda na tume ya makaburi ya vita. Ahadi yake ilikuwa kila aliyekufa apate jina lake kwenye jiwe, jenerali na askari wa kawaida sawasawa. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ikatoa ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ikaomba radhi bungeni. Kwa hiyo nilipozunguka zile picha za vijana wenye nywele za maji nilikuwa na swali moja tu: mpagazi wa Kilwa angepigwa picha studio gani?

Mtaniambia, na sisi si tunayo? Tunayo. Nendeni Songea, Makumbusho ya Majimaji, kwenye makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika palepale akaomba msamaha. Mimi nimekulia Tanzania na sijawahi kukanyaga Songea, nimeanzia London. Aibu yangu, msinikumbushe kwenye maoni.

Lakini nataka niwaambie kitu nilichokiona ghorofani. Unavaa vifaa vya masikioni, unabonyeza, mzee anaanza kuongea. Askari wa kawaida wa vita vya 1914. Anaongelea chawa. Anaongelea supu. Mwaka 1972 makumbusho yalianza kuwarekodi wazee hawa, wakati huo wana miaka 75, 80, wanazidi kupungua. Wangesubiri sana, wasingempata mtu.

Nikapiga hesabu ya vita vyetu vya Kagera na Amin. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, Aprili 1979, leo amepita 65. Nina mjomba wangu alikuwemo. Nyumbani kwake kuna kopo la jeshi alilorudi nalo, limebonyea ubavuni, na mkaza mjomba analipimia mchele. Tumekula wali wake utotoni wote na hakuna aliyewahi kuuliza lilibonyea vipi.

Basi nimempigia, nimekaa hapo kwenye ngazi chini ya mizinga. Shikamoo mjomba, lile kopo lipo? Akasema, lipo, kwani mmepata mteja? Nikamwambia hapana, nataka historia yake. Kimya. Nikajua simu imekatika. Kumbe anatafuta kiti.

Ameanzia kwenye viatu. Viatu walivyopewa kambini, nani alipata namba ndogo, nani alibadilishana na nani kwa sigara. Nimemrekodi dakika 40, betri imebaki asilimia sita, na bado hawajavuka mto Kagera. Kesho nampigia tena.