Mimi ni mashua inavuja

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, tuko barazani hapa Langoni, Lamu, mkisikia punda analia mtusamehe, studio yetu ndo hii.

SWALEH: Na leo kapakiwa mawe huyo, ana haki yake alie.

ZUHURA: Haya, lile darasa letu la uandishi. Mi nilidhani ni insha tu za kawaida, kumbe tunaambiwa andika sentensi moja, "mimi ni" halafu taja kitu, na neno "kama" marufuku.

SWALEH: Ukitia "kama" ishakuwa tashbihi, unaweza kuruka. Mimi ni kama punda, aa, nilikuwa nafananisha tu. Lakini sitiari, mimi ni punda, basi ushaingia, tuambie mzigo wako ni upi.

ZUHURA: Si watu wakakimbilia simba! Simba watano darasa la watu kumi na wawili, simba wa Amu anatoka wapi jamani?

SWALEH: Na almasi mbili. Sasa almasi tumeishika lini sisi, unaazima sifa yake tu, ukiulizwa zaidi huna. Yule dada wa ukuta wa matumbawe je?

ZUHURA: Huyo alininyamazisha wallahi. Eti nje nimepakwa chokaa, wageni wanapiga picha, ndani mawe ya baharini na chumvi yangu, kila nikipakwa upya chumvi inatoka inabandua. Sikuwa na haja ya kumuuliza ana nini. Mi mwenzenu nikaandika mimi ni mashua inavuja, najionea huruma, sina kazi tangu Ramadhani, nikaona nimemaliza. Ukaniharibia.

SWALEH: Nilikuuliza tu imekaa nchi kavu muda gani! Babangu fundi wa mashua kijijini Matondoni, najua. Mashua ikipandishwa ikakaa juani miezi, mbao zinakauka zinanywea, zinaachana, hata kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, inalegea. Ukiishusha siku ya kwanza maji yanaingia utadhani ishakufa, unayatoa na ndoo, unatoa, zikipita siku kadhaa mbao zimekunywa maji zimevimba zinajibana zenyewe. Huwezi kujiita mashua ukachukua kuvuja peke yake, hayo mengine unamwachia nani?

ZUHURA: Nilikasirika mie! Nimekaa nchi kavu mimi? Usiku nikahesabu... harusi siendi, simu sishiki, hata Shela hapo sijafika sijui tangu lini. Na kuvuja nilikoona mimi ni kule kulia kila nikitoka nje kidogo nikakutana na watu.

SWALEH: Siku ya kwanza majini hiyo.

ZUHURA: Usianze.

SWALEH: Lakini si jambo geni huku kwetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwenye utenzi wake wa zamani, Al-Inkishafi, anaongea na moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya Pate yalivyobomoka, zile daka za ukutani za kuwekea sahani sasa wanalala makinda ya ndege. Hausomei hotuba tu, anaupeleka ukatazame.

ZUHURA: Na Pate hapo ni safari ya boti tu. Mwalimu naye kasema kabla hujaandika upya nenda kakitazame kitu chako. Sasa mi mashua nimezipanda tu, kushushwa sijaona.

SWALEH: Jumamosi babangu anashusha moja, imekaa juu tangu upepo wa kusi uanze.

ZUHURA: Nije nitazame?

SWALEH: Utazame nini, utoe maji! Njoo na ndoo.