Si Uroho: Mtoto Mwenye Usonji, Kutafuna na Kufakamia Chakula

ELIA: Karibuni. Tuko Moshi, mimi ni Elia, wa tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, na mwenzangu ni Manka, Mama Baraka, kama kawaida. Leo ameniomba tusianze na salamu ndefu.

MANKA: Wasikilizaji wanisamehe, Kaka Elia. Nina jambo limenikaa kifuani miaka miwili sasa. Desemba ya mwaka juzi tulipanda Marangu kwa wakwe zangu, kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama kila mwaka. Kulikuwa na kipaimara cha binti wa shemeji yangu na ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, imeshakatwa. Mwanangu Baraka, mwenye usonji, alikuwa na miaka 7. Mtu akampa mnofu, kipande kikubwa kama yai la kienyeji. Nikaona kimeingia chote. Nikaona mkono unafuata cha pili. Halafu sikusikia kitu. Kilichonishtua ni kile kimya.

ELIA: Hakukohoa.

MANKA: Hakukohoa hata kidogo. Macho yamemtoka, midomo inabadilika rangi. Huyu anasema mpe maji, yule anataka kumtia kidole. Baba mkwe, mzee wa miaka 70 na kitu, akamwinamisha kwenye mkono wake akampiga mgongoni kwa kitako cha kiganja. Pigo la tatu au la nne, nyama ikatoka. Ikatoka nzima. Haikuwa na alama ya jino hata moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu hatafuni.

ELIA: Pole sana, Mama Baraka. Na umshukuru mzee, alifanya kilicho sahihi. Ngoja niliseme hili mapema, asije mtu akazima redio kabla ya kulisikia. Aliyepaliwa akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kusema, mwinamishe mbele, mpige mapigo 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, funga ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu huku wengine wanatafuta gari. Mtoto wa chini ya mwaka 1 haminywi tumbo, yeye hubonyezwa kifua, katikati. Maji hapana. Kidole kwenye koo usiloliona ndani hapana, unaweza kukisukuma chakula chini zaidi. Akipoteza fahamu, mlaze chini uanze kumbonyeza kifua. Na ukishamminya mtu tumbo, hata akipona pale pale, mpeleke hospitali akaangaliwe.

MANKA: Ningejua hayo siku ile. Mimi nilisimama tu nimeshika sahani.

ELIA: Mama yeyote angeganda.

MANKA: Lakini miaka 7, Kaka Elia. Miaka 7 nampikia mimi mwenyewe, namlisha mimi mwenyewe. Ilikuwaje nisione?

ELIA: Kwa sababu ulimpikia vizuri. Tazama vyakula vyetu huku. Mtori umepondwa. Kiburu kimesongwa. Ndizi za machalari zikiiva sawasawa zinavunjika kwa ulimi. Uji hautafunwi. Ugali ukiwa laini na mchuzi wa kutosha unateleza. Mtoto anaweza kufika darasa la kwanza bila magego yake kufanya kazi ya maana, na nyumbani wote mnasema anakula vizuri, anamaliza sahani.

MANKA: Ndivyo tulivyokuwa tunasema! Tena bibi yake anamsifu: huyu hasumbui, ukigeuka amemaliza. Dakika nne, sahani nyeupe.

ELIA: Na kutafuna ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Ulimi lazima ukisukume chakula pembeni, kwenye magego. Shavu likizuie kisirudi. Taya lizunguke, lisiishie kupanda na kushuka. Mtoto wa miezi 6 au 7 anaanza kwa kupanda na kushuka tu. Ule mzunguko unakomaa taratibu, mpaka miaka mitatu na zaidi. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji hatua hiyo inachelewa, au inakwama katikati. Chakula kinabaki juu ya ulimi, kinabanwa kwenye kaakaa, kinamezwa.

MANKA: Kuna jambo uliniambia kuhusu ganzi. Liseme tena, kwa sababu ndilo lililonifungua macho.

ELIA: Enhe. Umewahi kung'oa jino ukachomwa ganzi? Baadaye unakunywa chai, hujui kama mdomo umefunga, unajiuma bila kujua. Kuna watoto ambao mdomo wao unapeleka taarifa hafifu namna hiyo kila siku. Tonge dogo hawalihisi vizuri. Wakijaza mdomo mpaka mashavu yatune, ndipo wanajua kuna kitu ndani. Mtu anayetazama kwa mbali anasema: uroho. Mtoto anatafuta tu kukihisi chakula chake.

MANKA: Na wengine ni kinyume.

ELIA: Kinyume kabisa. Wanahisi mno. Nyuzi za nyama, mbegu za nyanya, vinawakera kama mchanga mdomoni. Wanameza haraka kiondoke. Ukiwatazama kwa nje ni tabia moja, ila chanzo ni tofauti na msaada wake ni tofauti. Ndiyo maana sipendi mtu aniulize kwa simu, "nifanye nini, mwanangu anafakamia?" Lazima nimwone akila. Halafu kuna shibe. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuuambia ubongo kwamba limetosheka. Anayemaliza kwa dakika nne atakuwa bado ana njaa, kwa haki kabisa. Na wapo wenye usonji, watoto na watu wazima, ambao ishara za mwilini, njaa, kiu, haja, haziwafikii wazi. Ongeza na dawa. Risperidoni, ambayo baadhi ya watoto wanapewa kwa hasira na kujiumiza, inaongeza hamu ya kula. Usiikatishe mwenyewe, mwambie daktari.

MANKA: Mimi nilifarijika sana ulipoeleza kwamba hili si jipya. Kwamba yule daktari wa Marekani...

ELIA: Daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 aliandika kuhusu watoto 11, andiko ambalo wengi wanalihesabu kuwa mwanzo wa kuuelewa usonji. Sita kati yao walikuwa na shida kubwa ya kula tangu walipozaliwa.

MANKA: Sita kati ya kumi na moja. Na mimi nilikuwa nakaa na wamama pale Mbuyuni sokoni wananiambia umemdekeza. Shuleni ndiyo usiseme. Sitaitaja shule, alishahama. Mchana ilikuwa makande, na mwalimu wa zamu alimtenga akale peke yake nyuma ya jiko kwa sababu "anakula kama hajawahi kuona chakula." Mtoto asiyetafuna, ana bakuli la mahindi na maharage, hana mtu wa kumtazama.

ELIA: Hapo nakasirika kweli. Akipaliwa nyuma ya jiko nani anajua? Mtoto huyu ndiye wa kukaa karibu na mtu mzima kuliko wote.

MANKA: Tuwaambie wasikilizaji tulianzia wapi.

ELIA: Tulianza na daktari, kabla ya mazoezi yoyote. Meno yaliyooza, mafindofindo makubwa, kiungulia, choo kigumu, vyote vinaharibu ulaji, na mtoto asiyesema hawezi kukuambia gego linauma. Na ukisikia sauti inakuwa kama ina maji baada ya kula, au vichomi vinavyorudi rudi, usifanye mazoezi nyumbani kwanza. Huenda chakula kinaingia njia ya hewa. Watu wa tiba ya usemi, ambao hayo ndiyo hasa kazi yao, ni wachache nchini, lakini waulize hospitali ya rufaa. Sisi wa tiba kwa vitendo tunafundishwa hapa hapa Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, kwa hiyo kwa watu wa Kilimanjaro na Arusha msaada si mbali sana.

MANKA: Baada ya hapo ikawa chapati.

ELIA: Chapati! Kipande kirefu chembamba kama kidole cha mtoto. Hukiweki mbele ya mdomo. Unakishika mwenyewe, unakipeleka pembeni, kati ya magego, anauma, unasogeza, anauma tena. Kushoto, kisha kulia. Kukiwa na kioo mezani anajiona. Na wewe unatafuna mbele yake, taya lako linaonekana.

MANKA: Karoti ya kuchemsha nayo, isiyoiva sana. Siku za kwanza alikuwa anavuta aimeze. Nilikuwa namfanyisha mara chache tu, kabla ya chakula chenyewe, akiwa hajachoka. Baba yake alisema mwambie atafune mara 30. Tukajaribu. Mtoto akalia, akakataa hata chips zake za kibanda cha pale kona.

ELIA: Mimi sipendi hesabu hizo. Chakula kinageuka gwaride. Ukimpoteza kwenye vyakula anavyovikubali, umepoteza ardhi ambayo utahangaika mwaka mzima kuirudisha. Achiwe chips zake. Tukatekate vipande tu.

MANKA: Kilichopunguza mwendo kwetu ni sahani. Sahani kubwa inabaki jikoni. Mbele yake kuna kibakuli na matonge matatu, madogo, kama ncha ya kidole gumba chake. Yakiisha, namwonyesha mdomo wangu, ananionyesha wake, mtupu, naongeza. Na zile picha tatu ulizochora: tia, tafuna, meza. Zimebandikwa mezani kwa gundi, zimechakaa sasa. Kati ya kibakuli na kibakuli, funda la maji.

ELIA: Na kijiko cha chai kwa wali. Ugali ndio mgumu, kwa sababu mkono wake mwenyewe ndio unaopima. Hapo unakaa naye. Nyama ikatwe ndogo, kukatisha nyuzi. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu, bado kwanza.

MANKA: Mwanzoni alikuwa anapiga meza kwa hasira kila nikichelewa na kibakuli. Wiki tatu hivi. Nililia jikoni.

ELIA: Na sasa?

MANKA: Sasa mlo ni dakika 15, wakati mwingine 18. Jumapili iliyopita nilipika mtori, nikaacha vipande viwili vya nyama bila kuponda. Nikakaa. Akaweka kimoja, akakisukuma kwa kidole pembeni, mwenyewe, sikusema neno. Nikasikia anatafuna. Upande wa kushoto tu.

ELIA: Kulia bado.

MANKA: Kulia bado. Jumamosi tukija kwako tunaanzia hapo.