Zuikaku Haikwenda Midway

Mwenyekiti, ahsante. Mabibi na mabwana, najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za Pearl Harbor. Mnazijua: Desemba 7, 1941, meli sita za kubebea ndege, ndege zaidi ya 350 katika mikupuo miwili, Wajapani wakapoteza 29. Naziacha hapo. Nanyi mlionisikia miaka iliyopita nivumilieni, maana narudi palepale. Kilichoimaliza nguvu ya anga ya jeshi la majini la Japani ni namna lilivyowapanga watu wake. Vita ya kisiwa cha Midway, ya Juni 1942, inalaumiwa bure. Nitalisema mpaka nichoke, na bado sijachoka.

Twendeni Bahari ya Matumbawe, Mei 8, 1942. Japani ina meli mbili za kubebea ndege pale, Shokaku na Zuikaku, pacha, zote zimeanza kazi mwaka uliotangulia. Upande wa pili kuna Lexington na Yorktown za Marekani. Shokaku inapigwa mabomu matatu, inawaka moto, sitaha haifai tena kupokea ndege. Zuikaku imejificha ndani ya wingu la mvua, haijaguswa hata na kipande cha chuma. Sasa marubani wa Shokaku wanarudi kutoka kazini wanakuta kwao kunaungua. Wanakwenda wapi? Wanatua Zuikaku. Nafasi ikawa finyu hadi baadhi ya ndege zikasukumwa baharini ili nyingine zitue. Litieni hilo akilini: marubani wa Shokaku walitua Zuikaku, katikati ya vita, na Zuikaku haikuzama kwa aibu.

Meli zote mbili zinafika bandari ya Kure, Japani, Mei hiyohiyo. Hesabu ni hii. Shokaku: meli imeumia, itakaa matengenezoni kwa miezi, lakini ina marubani waliobaki. Zuikaku: meli nzima, injini nzima, sitaha nzima, lakini ndege na marubani wamepungua sana. Mtoto wa darasa la pili angejumlisha. Chukua waliobaki huku, waliobaki kule, waweke kwenye meli nzima, ipeleke Midway.

Haikufanyika. Kikosi cha ndege kilikuwa mali ya meli yake, na maofisa wake, mafundi wake na mazoezi yake. Ni kama mwenye mabasi mawili: basi moja liko gereji na dereva wake amekaa nyumbani anakunywa chai; basi la pili ni zima, dereva wake anaumwa; abiria wamejaa stendi, na mwenye mabasi anasema hapana, huyu ni dereva wa lile. Zuikaku ikabaki nyumbani kungoja marubani wapya. Juni 4, Admirali Chuichi Nagumo akaingia Midway na meli nne za kubebea ndege, na zote nne zikaishia chini ya bahari.

Kwa Wamarekani je? Yorktown nayo ilikuwa imepigwa bomu katika Bahari ya Matumbawe. Ikaingia Pearl Harbor Mei 27. Wakubwa walikuwa wameambiwa matengenezo yatachukua kama miezi mitatu. Ikaingizwa chelezoni, mafundi wakachomelea usiku na mchana, Mei 30 ikatoka. Na ndege? Vikosi vyake vingi vilikuwa hoi, wakachukua vya Saratoga, meli nyingine kabisa iliyokuwa imepigwa torpido Januari. Hao wa Saratoga ndio waliopaa kutoka Yorktown asubuhi ya Juni 4 wakaichoma Soryu, moja ya zile nne za Nagumo.

Hapa daima kuna bwana mmoja huinua mkono: "Lakini mwalimu, wiki mbili hazitoshi watu wasiofahamiana kuzoeana." Sawa. Yorktown ilipewa siku ngapi? Mwingine husema Admirali Yamamoto, mkuu wa meli za vita za Japani, aliona meli nne zinatosha, basi hakuona haja ya kujisumbua. Hilo nakubali, walikuwa wamelewa ushindi. Lakini mlevi naye ana tabia zake za kabla hajalewa, na tabia hii ya kumfunga rubani kwenye meli moja ilikuwepo toka amani. Sijasema Zuikaku ingewashindia vita. Msinilishe maneno. Viwanda vya Marekani vingewafikia tu. Nasema jeshi lile lilikuwa na rasilimali mkononi na kanuni yake lenyewe ikalizuia kuitumia.

Tuendelee. Mambo ya mwanzo, walimu wa urubani kutoka Uingereza wa mwaka 1921, meli ya Hosho ya 1922, mkataba wa Washington, nayaruka, yamo kwenye kila kitabu. Moja tu nisiliache: nusu ya watu hudhani ndege za jeshi la majini ziliishi kwenye meli. La. Japani haikuwa na jeshi la anga la peke yake. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake, la majini zake, wakagombea mafuta na viwanda mpaka siku ya mwisho. Na la majini lilikuwa na vikosi vikubwa vya nchi kavu, kila kikosi kikiitwa kokutai. Waliozizamisha Prince of Wales na Repulse, meli za vita za Uingereza, karibu na Kuantan, Desemba 10, 1941, walipaa kutoka viwanja vya Indochina. Hakukuwa na meli hata moja ya kubebea ndege.

Kuna kijana pale anaangalia simu, anajiuliza hii inatuhusu nini. Inakuhusu, mwanangu. Aprili 1942 Nagumo aliingia Bahari ya Hindi na meli tano, akapiga Colombo na Trincomalee, akazamisha Hermes, Cornwall na Dorsetshire, meli za Waingereza. Admirali wao Somerville akazirudisha meli zake kongwe Kilindini. Waingereza waliokuwa wakifumbua siri za redio za Wajapani wakaishia Mombasa, katika shule ya Allidina Visram. Na Mei hiyo ndege ndogo iliyobebwa na nyambizi I-30 iliruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kutazama bandari. Ndege hiyo ilikuwa ya jeshi hilihili ninalowaeleza. Haya, weka simu.

Sasa marubani wenyewe. Tangu 1930 jeshi la majini lilichukua vijana wadogo likawafundisha kwa miaka. Mchujo ulikuwa mkali, waliotoka wachache, nao walikuwa hatari kweli. Mpango ulidhani vita itakuwa fupi. Midway, ambako watu husema "kizazi cha marubani kiliangamia", waliokufa wakiwa wa ndegeni walikuwa kama 110. Wengi kati ya waliokufa siku ile walikuwa mafundi na mabaharia. Miezi karibu mitano baadaye, Oktoba 26, kwenye vita ya Santa Cruz, Japani ikasemekana imeshinda, Hornet ya Marekani ikazama, na walipoteza watu wa ndegeni kama 150. Mmojawao ni Shigeharu Murata, aliyeongoza ndege za torpido Pearl Harbor. Ushindi wa namna hiyo hauna faida.

Na huko Rabaul, kambi yao kubwa ya Pasifiki ya kusini! Kutoka Rabaul hadi kisiwa cha Guadalcanal, walikopigana na Wamarekani, ni karibu kilomita 1,000. Kwenda, kupigana dakika chache, kurudi, ukiwa ndani ya Zero, ndege yao ya kivita, isiyo na deraya wala tangi linaloziba tundu la risasi lenyewe. Ukidondoka njiani, bahati yako. Mmarekani akifanya kazi yake miezi kadhaa anarudishwa nyumbani kufundisha wengine. Mjapani anabaki mpaka afe. Rubani Saburo Sakai alipigwa risasi kichwani Agosti 7, 1942, akaendesha ndege karibu saa tano akiwa nusu kipofu mpaka Rabaul. Watu husimulia ujasiri wake, na kweli. Mimi nasimulia kilichofuata: ilibidi jicho liharibike ndipo akawa mwalimu wa wanafunzi.

Nyinyi mnaopenda viwanda, nitawapa moja la kuchekesha. Kiwanda cha Mitsubishi cha Nagoya kilichounda Zero hakikuwa na uwanja wa ndege. Ndege bora kabisa ya Asia ilifunguliwa vipande na kuvutwa na ng'ombe hadi Kagamigahara, kilomita karibu 50.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia. Novemba 1943, ndege 173 za meli zikapelekwa Rabaul, nyingi hazikurudi, na meli zikabaki majumba matupu. Mapema 1944 ndipo wakabadilisha mpango: vikosi vya ndege vikatenganishwa na meli, kokutai ya 601 na wenzake, rubani aende popote sitaha ilipo. Kile nilichokuwa nikikililia hapa! Miaka miwili baadaye, wakati hakuna tena wa kuhamishwa. Juni, Visiwa vya Mariana, ndege mamia zikaanguka kwa siku mbili, na Takashige Egusa, mmoja wa viongozi wa shambulio la Pearl Harbor, alikuwa amekufa hukohuko siku chache kabla. Oktoba, Zuikaku hiyohiyo ikatumiwa kama chambo mbele ya Cape Engaño, Ufilipino, ikazama tarehe 25.

Kuhusu kamikaze, marubani waliojirusha na ndege zao kwenye meli za adui, nilikuwa na karatasi nne, nazikunja. Niseme moja tu kwa wale wanaodhani walipelekwa wanafunzi peke yao. Aliyeongoza shambulio la siku hiyohiyo ya Oktoba 25 kutoka Mabalacat, Ufilipino, lililoizamisha St. Lo ya Marekani, ni Luteni Yukio Seki wa kokutai ya 201. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu aliyefundishwa hasa kutua melini, na mapema mwaka huo alikuwa kituo cha Kasumigaura, Japani, akifundisha marubani wapya. Jeshi lisilo na walimu likamfunga mwalimu kwenye bomu.

Haya, maswali. Tuanze na bwana wa safu ya nyuma, umekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipoitaja Yorktown.