Usimwambie Mgeni Dodoma Hakuna Kitu

Mhadhara kwa wahudumu wa nyumba za wageni, madereva wa bajaji na wanafunzi wa utalii, Dodoma mjini

Mbukwenyi! Asanteni, kaeni. Na ninyi mliosimama mlangoni ingieni kabisa au tokeni, maana vumbi linapita katikati yenu.

Habari ya tembo aliyezama, mji ukapata jina, siisemi. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa siusemi. Hadhi ya jiji, Aprili 2018, nayo siisemi. Mnayajua hayo, na asiyejua amuulize jirani yake. Mimi nina neno moja tu leo, na wapo humu walionisikia nikilisema mpaka wamechoka. Basi wachoke tena.

Mgeni anashuka kituo cha Mkonze. Treni ya umeme imemtoa Dar asubuhi, kakaa njiani muda wa saa nne hivi, shati bado limenyooka. Anapanda bajaji. Anauliza wanalouliza wageni wote: hapa kwenu kuna nini cha kuona? Na kijana wetu, mzaliwa wa Nkuhungu huyu, kala zabibu tangu hajaota meno, anajibu: "Aah braza, Dodoma hakuna kitu. Labda Bunge." Mgeni anafika hotelini, anamuuliza dada wa mapokezi ili ahakikishe. Dada anatabasamu vizuri, kafundishwa kutabasamu: "Kwa kweli huku ni kikazi zaidi." Basi. Anamaliza semina yake, anakula kuku wake, Ijumaa huyo kaondoka. Huko aendako anasema Dodoma hakuna kitu, na ukimbishia anakwambia ameambiwa na wenyeji. Utambishia nini?

Kuna mzee huwa ananiambia, Mwalimu, kubali tu, Dodoma si Arusha. Mzee wangu, nani kasema ni Arusha? Sina Ngorongoro mfukoni. Ninachosema ni kwamba tuna mji wa ajabu, na mgeni mwenye akili anapenda mji wa ajabu kuliko mji mzuri. Ramani ya makao makuu ya nchi, ya 1976, ilichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Watu wazima na heshima zao ukiwauliza wanakaa wapi wanakujibu Area C, Area D, wala hawacheki. Ijumaa jioni wenye suti wanakimbilia treni, Jumamosi asubuhi wenye fimbo na ng'ombe wanaingia mnada wa Msalato. Unaye mbunge na unaye mbuzi katika barabara ileile, na wakati mwingine mbuzi ndiye anayejua anakokwenda. (Kicheko.) Msinicheke, andikeni.

Sasa zabibu. Najua, najua, mmesema "keshaanza". Ndiyo, nimeanza.

Nchi za mvinyo mnazozisikia, Ufaransa, Italia na wenzao, ziko mbali na ikweta, kuanzia nyuzi 30 na kuendelea. Kule kuna baridi ya kweli. Mzabibu ukipigwa na baridi unapukutisha majani, unalala, ukiamka unazaa. Mara moja kwa mwaka. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Baridi yetu ya Julai ni ya kuvaa sweta, haina nguvu ya kuulaza mzabibu. Kwa vitabu vya zamani nilivyofundishia mimi jiografia, hapa hapakuwa mahali pa zabibu. Mkulima wa Hombolo anafanyaje? Anachukua mkasi. Anaunyima mti maji, anapogoa matawi yote mpaka linabaki shina na vijiti viwili vitatu. Asiyejua akipita anadhani shamba limekufa. Kumbe mzabibu umeshtuka, unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi vichala hivyo vinaning'inia. Kisha mkulima anarudia. Mavuno mawili kwa mwaka, ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Majira tunayatia sisi wenyewe kwa mkasi. Mgeni kutoka kwenye mizabibu ya Ulaya ukimwambia hivyo anaacha kula.

Mpelekeni shambani, Hombolo, au Chinangali kule Chamwino, asubuhi kabla jua halijawa kali. Aombe ruhusa kwa mwenye shamba, amlipe chochote, huyo mtu ana kazi zake. Ainame chini ya waya zilizobeba mizabibu. Udongo ni kichanga, ukiukamata unapita katikati ya vidole. Mwambie achume punje ya zabibu nyeusi ya mvinyo. Ni ndogo, ganda gumu, mbegu ndani, na ukiitafuna inakausha ulimi. Aliyezoea zabibu za dukani ataitema. Mwacheni ateme, kisha mpeni ile ya mezani, alinganishe. Halafu mwombeni mkulima atoe kipimo cha sukari. Kakitu kadogo kama darubini ya mtoto. Anaminya tone la maji ya zabibu juu ya kioo, anafunika, anakiinua kuelekea juani, anafumba jicho moja. Anakusomea namba. Hapo mgeni naye atataka kuchungulia, watu wote hutaka kuchungulia. Namba ikiwa ndogo anasubiri. Ikifika, anavuna haraka na kumtafuta mnunuzi, na misimu ambayo wanunuzi hawaonekani vichala vinaozea shambani huku anaviangalia. Akiyaona hayo, mgeni hatawauliza tena kwa nini chupa ina bei ile.

Mkimaliza shamba, tafuteni msindikaji mdogo. Muulizeni habari za mchuzi wa zabibu. Mgeni atadhani ni mboga! Ndiyo mvinyo ghafi huo, wanakamua, wanachachusha, wengine wanawauzia wenye viwanda vikubwa. Mgeni aonje kidogo kwenye glasi, akunje uso, acheke. Na mumwambie kwamba kabla ya viwanda vyote hivi walikuwako mapadri wa Bihawana, hapo barabara ya Iringa, waliotaka divai ya misa.

Naona mkono pale. Najua utasema nini, kaka. Utasema mimi ni Muislamu, au mimi nimeokoka, nitampelekaje mtu kwenye pombe? Kwani nimesema umnyweshe? Shamba si baa. Kuna zabibu mbichi za kula, kuna zabibu kavu, kuna juisi. Vijana wanazipitisha kwenye madirisha ya mabasi kila siku, na hujawahi kuwaambia wanauza haramu. Mimi mwenyewe hao wageni wangu wengine hawagusi pombe, na shambani wanakaa muda mrefu kuliko wanywaji.

Na hapa nitasema jambo linaloniudhi mpaka kesho. Nilikuwa na wageni, mke na mume, Wajerumani, kwao wana mizabibu. Tumeshinda shambani siku nzima, mikono inanata. Jioni tunaingia hoteli moja ya hapahapa mjini, siitaji, mwenye nayo anaweza kuwa na ndugu humu. Yule mama anaagiza mvinyo wa Dodoma. Kijana analeta orodha: Afrika Kusini, Chile, Hispania. Mama anarudia, wa hapa, wa Dodoma. Kijana anasema, "Wa hapa hatuweki, wageni hawaupendi." Mgeni ndiye huyo amekaa mbele yako anauomba! Nikatoka, nikavuka barabara, duka la kawaida tu linalouza sabuni na unga, chupa zimepangwa kwenye rafu pembeni ya mafuta ya kupikia. Nikanunua. Nikarudi. Unajua wakanitoza nini? Fedha ya kufungulia chupa. (Kicheko kirefu.) Ya kufungulia, jamani! Chupa ya Dodoma, ndani ya Dodoma, inatozwa ushuru wa ugeni.

Mtaniambia mvinyo wetu mwingine ni mtamu mno, unaumiza kichwa. Kweli. Ile mivinyo yenye sukari ya kulamba mimi siitetei, na mgeni msimpe. Mpeni mkavu, mwekundu, uliopoa kidogo kwa sababu ya joto letu. Atakayeukataa na huo, amekataa kwa haki.

Haya. Msalato. Mnada ni Jumamosi, kwa hiyo mgeni anayeondoka Ijumaa ameukosa, na ninyi mnamwachia aende bila kumwambia neno! Mwambieni alale siku moja zaidi, nanyi mpate pesa ya chumba na ya bajaji. Sielewi mtu wa biashara anashindwaje kusema sentensi hiyo. Aende saa nne, saa tano. Aangalie ng'ombe anavyonunuliwa, watu wanavyomzunguka, wanavyomshika mgongo, bei inavyotajwa mtu akiwa anaangalia pembeni kana kwamba hahusiki. Kisha nyama. Achague mwenyewe kipande kikiwa kibichi, akae kwenye benchi, asubiri moshi umalize kazi yake. Kamera, aombe kwanza. Mzee aliyekuja kuuza fahali wake hakuja kupigwa picha.

Chakula kingine, haraka. Ugali wa uwele na mlenda. Mnauonea aibu mlenda, mnampikia mgeni wali na chipsi. Mlenda mkavu unauzwa kwa vikombe soko la Majengo. Mpelekeni sokoni, mpikieni, akishindwa kuuvuta wacheni awachekeshe. Na ubuyu, si ule mwekundu wa rangi. Mweupe.

Muziki. Hapa ningependa saa nzima lakini naona mwenyekiti anaangalia saa yake. Kuna ngoma mnayoijua ya kupokea viongozi uwanjani, dakika tatu, sare mpya, imekwisha. Hiyo si ya kumwonyesha mgeni. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, mkoani humuhumu, akatoka na zeze na ilimba yake, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, akazunguka dunia, akafariki 2003. Watu wa Ulaya wanamjua. Nimewauliza wanafunzi wa utalii humu ndani asubuhi, wangapi wamewahi kushika ilimba? Mlinyamaza. Kila mwaka Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, vikundi vinatoka vijijini. Nendeni muwaone akina mama wa muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na wanapiga huku wanaimba na kucheza pamoja, hakuna anayepumzika. Mgeni akiona hivyo ataacha kuniuliza habari za mlima Kilimanjaro.

Mjini kwenyewe, mbio mbio. Makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia: mawe na madini ya nchi nzima, mahali pamoja. Ni ofisi, usimpeleke mtu Jumapili. Msikiti wa Gaddafi, wa 2010, muulize kwanza saa za sala na mavazi. Bunge, ndiyo, Bunge lipo, sikatai, hasa Aprili hadi Juni wakati wa bajeti. Kitambulisho mkononi, mavazi ya heshima, na ataratibu mapema. Mtumba ni majengo ya wizara. Anayependa majengo aende, ila asinyooshe kamera ovyo, atakuja kueleza kwa askari. Na Mirembe, maana lazima mtu ataniuliza: Mirembe ni hospitali ya afya ya akili. Ina wagonjwa. Dereva anayepunguza mwendo pale ili mgeni acheke, mimi nikimwona nitashuka.

Mwenyekiti, dakika tano. Tatu? Haya.

Kongwa naiacha. Mradi wa karanga wa Mwingereza, 1947, pesa iliyopotea pale, kisha kambi za wapigania uhuru kuanzia 1964, Samora Machel kupita hapo. Ni mhadhara mzima, nialikeni tena.

Kolo siiachi. Michoro ya mapangoni Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, na barabara ya lami inapita mpaka pale, hakuna kisingizio. Unaripoti ofisini Kolo, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, unapanda. Kuna mchoro mmoja mwekundu, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, mmoja katikati ameshikwa mikono pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro hii miaka ya 1950, aliona ni mwanamke anatekwa. Wengine wanaona ni watu wamepandisha mizuka. Simameni na mgeni wenu pale mbishane. Msiguse, msimwagie maji eti rangi ing'ae. Na mkikuta alama za tambiko, hapo ni mahali pa wenyewe hadi leo, mtulie, msishike kitu.

Ndugu yangu wa bajaji ananiuliza yeye atapata nini Kolo, wakati bajaji haifiki. Utapata cha kujibu mtu akikuuliza Dodoma kuna nini. Na namba ya simu ya mwenye gari, umpe mgeni, mwenye gari akupe chako. Hilo nalo linahitaji mhadhara?

Waliojiandikisha kwa safari ya Jumamosi ijayo: Kolo, si Msalato, msinichanganyie. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, viatu vya kufunga. Mwenye ndala atabaki kulinda gari. Na wahudumu wa hoteli ile niliyosema, kama mpo, njooni mniambie mezani hapa mbele mnaanza lini kuweka chupa ya Dodoma kwenye orodha.