Mstari Huu ni wa Nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema juu ya makato ya benki, na mwenyekiti ameniomba leo nisirudie yaleyale. Nitayarudia. Nilipouliza hapo mwanzo ni wangapi wamesoma taarifa ya akaunti yao ya mwezi uliopita, mstari kwa mstari, iliinuka mikono mitatu katika ukumbi mzima.

Sitaeleza ada ya uendeshaji wa akaunti ni nini, wala ada ya kutoa pesa kwenye mashine. Hizo mnazijua, zimeshawauma. Nataka kuanza na kitu ambacho watu hawakitafuti kwenye orodha ya ada, nacho ni mpangilio wa malipo.

Shika kalamu. Akaunti yako ina 100. Asubuhi unalipa 10 kwa kadi. Saa nne unalipa 10 nyingine. Mchana 15, alasiri 5. Umetumia 40, zimebaki 60. Jioni unalipa 90. Benki haikatai, inakujazia kilichopungua, kisha inakutoza faini ya kuzidisha salio. Umezidisha mara moja, umetozwa mara moja. Hapo sina ugomvi na mtu, maana kweli umetumia pesa usizokuwa nazo.

Sasa benki inafunga hesabu usiku na kuyapanga upya malipo ya siku, kubwa likitangulia. Ile 90 ya jioni inapita ya kwanza. Zinabaki 10. Inakuja 15, haitoshi, faini. Inakuja 10, faini. Inakuja 10 ya pili, faini. Inakuja 5 ya alasiri, nayo faini. Faini nne! Siku ni ileile, matumizi ni yaleyale, na deni lako kwa benki ni lilelile la 30. Kilichohamishwa ni foleni tu, na foleni hiyo ameipanga anayepokea faini.

Kuna atakayesema nimebuni. Mwaka 2010, Jaji William Alsup wa San Francisco aliiamuru benki ya Wells Fargo iwarudishie wateja wake wa California takriban dola milioni 203 kwa sababu ya mtindo huohuo. Benki ilikata rufaa, na kesi ikavutana hadi 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza. Nayo Bank of America ilikubali mwaka 2011 kulipa dola milioni 410 kumaliza kesi iliyohusu mambo hayohayo. Kwa hiyo msiniambie ni hadithi ya mtu mwenye chuki na benki.

Benki zilijiteteaje? Zilisema malipo makubwa ndiyo ya muhimu, kodi ya nyumba, rejesho la mkopo, na mteja angependa hayo yatangulie. Sikilizeni hoja hii vizuri, kwa sababu mtaambiwa tena. Ingekuwa na maana kama malipo madogo yangekataliwa ili kubwa lipite. Lakini yote yalilipwa! Kubwa lililipwa, madogo yalilipwa. Basi kulitanguliza kubwa kulimsaidia mteja kwa lipi? Nimeuliza swali hili kwenye mikutano mingi, na mbele ya watu wa benki, na bado nasubiri jibu.

Halafu tutazame nani anayelipa. Uingereza, wasimamizi wa sekta ya fedha, FCA, walichunguza ada za ovadrafti, yaani kutumia zaidi ya salio, pale ambapo hakuna makubaliano na benki, wakakuta kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada hizo ilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Asilimia moja na nusu! Watu haohao, mwezi baada ya mwezi, wanaoishiwa kabla mshahara haujaingia. Na mara nyingine ada hizo zilizidi mara kumi gharama ya mikopo ile ya haraka ya kusubiria mshahara, ambayo sote tunaitaja kwa kukunja uso. Ninyi mnaofurahia akaunti isiyo na makato kwa sababu salio lenu halishuki, huduma yenu inagharimiwa na mtu huyo. Nasema hivi bila kumlaumu yeyote kwa kuwa na akiba, ila mjue.

Wateja wa huko walijaribu mahakamani wakashindwa. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo kama ni za haki au la, hilo haliwezi kupimwa kwa kanuni zile wateja walizozitegemea. Ilibidi kusubiri hadi Aprili 2020, kanuni mpya zilipofuta ada za mkupuo, zile za kiasi kimoja hata ukizidisha kidogo, na kutaka ovadrafti ielezwe kwa riba moja ya mwaka. Ndiyo, najua, benki nyingi zikapandisha riba hadi karibu asilimia 40. Nimeletewa hoja hiyo mara nyingi. Lakini asilimia 40 unaiona. Unaweza kuiweka kando ya nyingine ukalinganisha. Faini ya usiku unaikuta asubuhi imeshakatwa.

Sasa yangu mwenyewe. Nilikuwa na akaunti ya akiba ambayo niliigusa mara chache. Siku moja nikachapisha taarifa ya miaka mitatu, nikakaa na keshia, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza nikauliza, huu ni wa nini? Akanijibu. Wa pili? Akanijibu. Wa tatu ulikuwa na herufi nne na namba. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita msimamizi. Ilikuwa ada ya ujumbe wa simu, ule wa kunijulisha kila pesa inapoingia au kutoka. Nikamwomba anisomee namba ya simu wanayoitumia. Ilikuwa laini niliyoipoteza zamani! Kila mwezi walinikata kwa kupeleka habari za pesa zangu kwenye simu isiyokuwepo, au mbaya zaidi, kwa mtu mwingine aliyepewa namba ile.

Msimamizi alisema kosa ni langu, sikubadilisha namba. Kwa hilo alikuwa sahihi nusu. Nikamuuliza, je, niliwahi kuomba huduma hii? Akafungua fomu yangu ya kufungulia akaunti. Kisanduku kile hakikuwa na alama. Nilirudishiwa makato ya mwaka mmoja, si ya mitatu. Miwili ile bado naidai, na barua yangu ya pili ipo huko.

Mtaniambia benki si shirika la hisani. Sijasema iwe hivyo. Pesa yangu ikikaa kwao wanaikopesha kwa riba, na niko tayari kulipia huduma niliyoiomba. Ninachokataa ni kulipia nisichokiomba, kwa jina nisilolielewa. Na mwingine huniambia, kama hupendi, hama. Kuhama! Mshahara unapita huko, mkopo uko huko, malipo ya kila mwezi yamefungwa huko. Uingereza walipotaka watu wahame kweli, mwaka 2013 walianzisha utaratibu ambao benki mpya inakuhamishia kila kitu kwa siku saba za kazi. Pasipo utaratibu kama huo, neno hama halina uzito.

Na kulalamika kwa pamoja kunafaa. Mwaka 2011, ileile Bank of America ilitangaza ada ya dola 5 kwa mwezi kwa wanaonunua kwa kadi ya akaunti. Msichana wa miaka 22 akaanzisha ombi la kupinga, saini zikapita 300,000, na ada ikafutwa mwanzoni mwa Novemba kabla haijaanza. Ilichukua kama mwezi mmoja hivi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza juu ya akaunti zilizolala, juu ya ada ya kufunga akaunti, na juu ya viwango vya kubadilisha fedha za kigeni, ambako ada hufichwa ndani ya bei yenyewe. Itabidi siku nyingine. Haraka tu: malalamiko yapelekeni kwa maandishi, mbaki na nakala yenye muhuri au namba ya kumbukumbu. Benki ikikaa kimya, msimamizi wa benki wa nchi yenu ana dawati la malalamiko. Na ovadrafti msiyoihitaji, ombeni izimwe.

Waliokuja na taarifa zao wasiondoke. Nina meza pale kando ya mlango, na peni nyekundu tatu. Mama, wewe uliyeinua mkono mwanzoni, njoo na yako kwanza, tuanzie pale uliposema kuna mstari unaojirudia kila tarehe 28.