Nipe Mji: Safari Ndefu na Watoto Bila Simu

(Mhadhara kwa wazazi wa shule ya msingi, Dar es Salaam, kabla ya likizo ya Desemba)

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, habari za asubuhi. Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Shule zinafungwa, na najua wengi mliokaa hapa mtakuwa barabarani kabla ya Krismasi. Kuna wa Moshi na Rombo, wa Same na Mwanga, wa Lushoto, na wanaopitiliza hadi Arusha. Mwalimu mkuu aliniomba nizungumzie watoto na likizo. Nimeona nichukue siku moja tu ya likizo hiyo, ile ya safari, kwa sababu ndiyo siku ambayo mzazi anampa mtoto simu alfajiri na kuidai jioni. Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita 550 hivi. Hata ukitoka mapema ukaiwahi foleni ya Kimara, bado una saa tisa au kumi za kukaa garini. Kwa mtoto wa miaka sita aliyefungwa mkanda, hizo ni nyingi, na simshangai mzazi anayetafuta njia ya kumtuliza.

Lakini barabara ile ina mambo ya kutosha kumshughulisha mtoto mwanzo hadi mwisho, na Kiswahili kina michezo ya kutosha kuyashika mambo hayo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima mmoja ndani ya gari aliyeamua kwamba leo atacheza.

Nianze na tumbo. Mtoto anapotapika garini tunalaumu maziwa, tunalaumu chapati za asubuhi. Mara nyingi chanzo kiko kichwani. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachohisi mwendo. Kinauambia ubongo kwamba tunakwenda, tunakata kona, tunashika breki. Macho yakiwa yameinama kwenye simu yanauambia ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Taarifa hizo mbili zinapogongana ndipo kichefuchefu kinapoanza, na watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaosumbuka zaidi. Kitabu nacho kinaleta shida ileile, kwa hiyo msidhani nimekuja kupigia debe kitabu cha hadithi garini. Dawa ya kwanza ni kuinua macho na kutazama mbali, mbele ya gari. Basi mchezo wowote unaomfanya mtoto atazame nje unafanya kazi mbili kwa pamoja, na ndiyo sababu michezo yote nitakayoitaja inatumia dirisha au masikio.

Jambo la pili la afya ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili halishauri akalishwe mbele ya skrini kabisa. Kwa wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa umri huo asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Kwenye safari ya Moshi saa moja ni ngumu, nakubali. Ila msiendeshe kutoka Chalinze hadi Korogwe bila kusimama eti mnawahi. Simameni mahali salama, watoto wakimbie, waruke, wakojoe, warudi. Dakika kumi hizo zinawapunguzia kilio cha saa nzima.

Sasa tuingie kwenye michezo yenyewe. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Ahsanteni. Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni.

(Sauti kutoka ukumbini: Barabara!)

Barabara. Nimefurahi kwamba mmeitikia bila kuelekezwa, maana nawaza watoto wenu wangeitikia nini. Wengi wanakijua kitendawili kama swali la mtihani: kimeandikwa, kina jibu moja, unazungushia herufi. Hawajawahi kukaa gizani na bibi wakategeana hadi usingizi uwapitie. Na sehemu tamu kuliko zote hawaijui kabisa, ile ya kudai mji. Mmeshindwa kutegua? Mtegaji anasema, "Nipeni mji." Mnampa mji, akiutaka anakubali, asipoutaka anakataa, mnatafuta mwingine. Akishaupokea anajigamba kidogo: nimekwenda mji huo, nimekula hiki, nimeona kile, ndipo anatoa jibu.

Mchezo huu umekaa vizuri garini kuliko popote. Wekeni sharti moja: mji unaotolewa lazima uwe kwenye barabara tunayopita leo, na ukishatolewa hautolewi tena. Mtaona kitakachotokea. Mtoto ataanza na Chalinze, Segera, Korogwe, Moshi, ile miji aliyoisikia. Ikishaisha atabanwa. Ataanza kusoma vibao vya barabarani, atamuuliza baba mbele kuna nini. Ndipo itakuja Mandera, Mkata, Kabuku, Mombo, Mazinde, Hedaru, Makanya, Mwanga, Himo. Mtoto aliyempa dada yake Hedaru kwa shingo upande hataisahau Hedaru. Nimefundisha jiografia ya nchi hii kwa ramani ya ukutani miaka mingi, na nawahakikishia ramani ya ukutani haijawahi kumfanya mtoto aupiganie mji.

Sharti la pili: anayepokea mji aseme ukweli mmoja juu yake. Hapo mzazi unahitajika, maana wewe ndiye unayejua. Mombo ndiko njia ya Lushoto inakopandia Milima ya Usambara. Makanya na Same, milima iliyo kulia kwetu ni Upare. Usijue yote, jua machache, mengine mtauliza mkifika.

Vitendawili vya kuanzia mnavyo. Kuku wangu katagia miibani, nanasi. Nyumba yangu haina mlango, yai. Shamba langu kubwa lakini mavuno hayajai kiganja, nywele. Vikiisha, na vitaisha kabla ya Segera, waambieni watunge wenyewe kwa kitu wanachokiona nje wakati huohuo. Hapo ndipo mchezo unapokomaa. Mtoto mmoja niliyemfundisha alitunga hiki: "Bibi yangu ana mikuki mingi, lakini hapigani." Ni mkonge. Hakuambiwa na mtu kwamba jani la mkonge linafanana na mkuki, alilitazama.

Na kwa kuwa nimetaja mkonge, nikae hapo kidogo. Mkishaipita Segera mkielekea Korogwe, mashamba yale yenye mistari iliyonyooka yana hadithi ambayo watoto huipenda. Mmea ule asili yake si hapa, ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Safari ya meli ilikuwa ndefu, mingi ikafa, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mweleze mtoto hivyo halafu nyamaza. Atauliza nani aliyekata majani yale yote, na hapo mna mazungumzo ya nusu saa kuhusu manamba, watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi mashambani. Labda yumo hata babu wa ukoo wenu.

Mito nayo ina hadithi zake. Mnavuka Ruvu, kisha Wami, kisha Pangani. Mwambie mtoto pale Ruvu kwamba maji anayoogea Dar mengi yanatoka kwenye mto huu. Pale Wami mwulize maji yale yanakwenda wapi. Yanakwenda baharini, upande wa Saadani. Na Pangani ndio wenyewe: maji yake yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanazungusha mitambo ya umeme njiani, yanaishia baharini kwenye mji wenye jina hilohilo la Pangani. Yaani mto unatoka kule mnakokwenda. Mtoto wa darasa la tatu akilielewa hilo, milima ikianza kuonekana atakuwa na sababu ya kuitazama.

Watoto wengine hawataki maneno mengi, wanataka kazi. Wapeni. Mkubwa mmoja awe mlinzi wa hamsini. Nyote mnajua mambo ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, kwenye barabara ile. Kazi yake ni kuona kibao cha 50 kinapoanza na kumwambia dereva, "Hamsini!", halafu kuona kinapokwisha. Ni kazi ya kweli, ina faida ya kweli, na mtoto anajua tofauti kati ya kazi ya kweli na ya kupewa ili anyamaze. Mwingine awe mtunza namba. Namba za magari yetu zinafuata alfabeti, ndiyo maana mitaani tunasema "namba D", "namba E". Atafute gari lenye namba A lililo hai bado, kisha B, kisha C, hadi ya sasa. Atafute magari ya serikali, na mkishakaribia Moshi atafute ya Kenya yanayoanza na K. Mdogo asiyejua kusoma ahesabu punda, au malori yenye turubai la bluu.

Kuna mchezo wa silabi ya mwisho. Mmoja anasema "gari", wa pili lazima aanze na "ri": "riziki". Wa tatu "kisima", kisha "maji", "jino", "noti", "tiba", "bata". Maneno yetu mengi huishia kwa silabi iliyo wazi, kwa hiyo mnyororo unaenda mbali. Unawafaa hata wa darasa la kwanza wanaojifunza kusoma.

Hadithi ziwekeni saa za mchana, joto la Mkomazi linapowachosha. Paukwa! (Ukumbi: Pakawa!) Isiwe ndefu ya mtu mmoja. Anza wewe na Sungura na Fisi, ifikishe mahali pagumu, kisha sema: mwenzio aendelee hadi daraja linalofuata. Dereva asipewe zamu. Nalisema hili kwa msisitizo. Dereva anaweza kusikiliza na kucheka, lakini asitafute neno, asigeuze shingo, na kukiwa na mvua au lori linataka kupita, mchezo unasimama na gari linanyamaza. Watoto waelezwe sharti hili kabla hamjawasha gari, na mtaona wanalishika.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: na mtoto wa miaka miwili? Huyo hachezi kitendawili. Anahitaji mtu wa kukaa naye nyuma, na hapa nawaomba akina baba mnaopenda kiti cha mbele mbadilishane na mama angalau kuanzia Korogwe. Mtoto huyo anataka sauti: ng'ombe analiaje, treni inaliaje. Anataka kitambaa cha kukunja na kukunjua, kopo tupu lenye kifuniko, kipande cha muwa akishaweza kutafuna. Na analala. Akilala, wakubwa nao wafundishwe kucheza kwa kunong'ona.

Wanaokwenda kwa basi kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi mna shida nyingine, maana basi lina televisheni na sauti wanaipanga wenye basi. Mkatieni mtoto siti ya dirishani mapema. Chezeni mchezo wa namba na wa vibao vya miji. Hiyo haihitaji kupaza sauti.

Kuhusu ugomvi: utakuwepo. Msimalize kila ugomvi kwa kutoa simu, kwa sababu mtoto akigundua kwamba kupigana na mdogo wake kunaleta simu, atapigana. Badilisheni viti kwenye kituo kinachofuata. Na waacheni wachoke na kukosa la kufanya kwa muda. Mtoto akikodolea nje robo saa bila kusema neno, msimkatishe. Anafikiri.

Mwisho wa safari kuna shindano ambalo karibu kila familia ya Kilimanjaro inalijua, la nani atakuwa wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro. Mchana mawingu huufunika, kwa hiyo watoto wengi hukata tamaa. Waambieni mambo mawili. Kwanza, watazame juu kuliko wanavyodhani. Kilele kiko mita 5,895, na mtoto huutafuta mlima pale wingu lilipo, wakati theluji imetokeza juu ya wingu. Pili, asiyeuona mchana asubiri jioni au aamke mapema kesho yake, huwa unajifunua.

Kabla ya kusafiri nina kazi moja kwenu, na naomba muifanye wiki hii. Pigeni simu kijijini, mwombeni bibi au babu vitendawili vitatu ambavyo hamvijui, vya kwao, hata kama ni vya Kichaga au Kipare. Viandikeni. Vitatu tu. Msiwaambie watoto majibu hadi wamewapa mji. Na mkirudi Januari, zamu iwe yao: wao ndio watege, ninyi ndio mtoe miji.

Naona mikono mitatu. Tuanze na mzee wangu wa mbele, karibu.